Spika ya Mtungini

Kama uliwahi kukaa Magomeni ya Kilosa miaka ile ya tisini ikielekea kuisha, basi spika ya Beda unaijua, usinidanganye. Hata kama hukuwahi kuvuka kizingiti chake, uliisikia. Ilikuwa spika ya kituo cha reli, ile iliyokuwa inakohoa kwanza ndipo inatangaza kwamba treni imechelewa. Kituo kilipoletewa nyingine mpya, ya zamani ikatupwa stoo, na Beda, karani wa pale tangu ujana wake, akaiomba. Akapewa. Akaibeba begani mpaka nyumbani, akauchukua mtungi mkubwa wa mkewe bila hata kuomba radhi, akailaza spika kifudifudi kwenye mdomo wa mtungi, uso chini, mgongo juu, akaunga waya kwenye redio. Ee bwana wee! Besi iliyotoka humo ilitikisa vikombe kabatini kwa jirani. Magreti, mkewe, alinuna kwa ajili ya mtungi wake wa maji ya kunywa, lakini ulipopigwa wimbo anaoupenda akashindwa, akacheza.

Mgongo wa ile spika nao ukapata kazi. Ulikuwa na sumaku nene, nzito, ya kuvutia hata kisu cha jikoni. Magreti akaigeuza nyumba ya sindano zake za kushonea, maana kabla ya hapo kila siku alikuwa anazitafuta mkekani kwa kiganja na roho mkononi. Juu yake akatandika kitambaa alichofuma mwenyewe kwa uzi mweupe, kingo za waridi. Basi pole pole kila kitu cha heshima katika nyumba ile kikahamia pale, chini ya kitambaa: kadi za kliniki, cheti cha ndoa, bahasha ya zaka, rozari aliyoachiwa na bibi yake. Mtoto hagusi. Mgeni haweki glasi. Wenye uwezo wana makabati ya vioo, kwa Beda palikuwa na spika. Hilo la sindano lishike, tutalirudia.

Ukaja wakati wa kuuza na kupunguza. Viwanda vikauzwa, mashamba ya mkonge yakauzwa, na kwenye mashirika yaliyobaki watu wakaambiwa wapungue. Neno lenyewe lina adabu zake, kupunguzwa, utadhani wanapunguza chumvi kwenye mchuzi. Beda alikuwa katika chumvi hiyo. Umri ulikuwa unaelekea hamsini, binti yake Neema yuko sekondari ya bweni, na alichokijua duniani ni kuandika tiketi, kupokea simu ya stesheni, na kitu kimoja zaidi ambacho nitakitaja sasa hivi.

Kiinua mgongo akakiingiza kwenye kuku. Kila aliyepunguzwa Kilosa alifuga kuku mwaka ule, utafikiri walipewa na maelekezo. Banda likajengwa, vifaranga wakaja kutoka Morogoro, wakakua, wakakaribia kutaga. Siku moja Magreti akaenda kwao Chanzuru kusalimia, na mama yake, kama ilivyo desturi, hakukubali mtoto arudi mikono mitupu. Akampa jogoo. Jogoo wa kienyeji, mwekundu, mwenye mwendo wa diwani. Magreti akamfungulia bandani alale na wenzake. Kumbe jogoo ana mdondo. Juma halikuisha, banda zima likawa limelala miguu juu.

Siku hiyo Beda alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisimama uani akampigia mkewe kelele. "Wewe na mama yako na jogoo lenu mmeniua!" Alilisema hilo majirani wamejaa kwenye ua wa mabua, na Magreti ameshika kuku mfu kwa miguu. Magreti alikuwa mwanamke wa kuimba. Kwaya ya kanisani bila yeye ilipwaya. Akisonga ugali anaimba, akifua anaimba, akigombana na mwenye duka anaimba akiondoka. Tangu siku ile hakuimba tena. Ukiondoa ile spika, nyumba ilinyamaza karibu mwaka. Beda alijuta mpaka akakonda. Akajiapia moyoni kwamba hata iweje, hatamtwika tena mke wake lawama. Kiapo hicho nacho kishike.

Sasa kile kitu kimoja zaidi. Zamani, kabla ya kupunguzwa, kazini walimpeleka Beda Dar es Salaam kwenye kozi ya kompyuta, kwa kuwa kompyuta ilikuwa inakuja Kilosa. Haikuja mpaka leo. Lakini kozi aliihudhuria. Mwalimu wao alikuwa mama mmoja mkali kama pilipili kichaa. Aliwafutisha mashine na kuwapandikizisha mfumo upya, asubuhi na mchana, mpaka wakawa wanafanya huku wanasinzia. Mfumo wenyewe ulikuwa ule wa zamani, wa maandishi meupe kwenye kioo cheusi, unaoingizwa kwa disketi. Hii mifumo iliyokuja baadaye, ya rangi rangi na vipicha, Beda hakuijua hata kidogo. Ule wa zamani aliujua kama Baba Yetu.

Na duniani kote, mtu aliyeuhitaji mfumo huo mwaka ule alikuwa mmoja tu, naye alikuwa Mikumi. Aliitwa Mathias, kijana wa thelathini na kitu, aliyejenga nyumba ya wageni kando ya barabara kuu ya Iringa, pale ambapo nyani hukaa wakiwasubiri wasafiri watupe maganda. Kwenye mnada wa kiwanda kimoja kilichouzwa Morogoro alinunua kompyuta. Ilikuwa mzee wa mashine, nzito, rangi ya meno ya mvuta sigara, na wauzaji walikuwa wameifuta kila kitu tumboni. Fundi wa mjini aliitazama akacheka. Akasema mfumo wa siku hizi haiwezi kuubeba, inataka ule wa zamani, na ule wa zamani nani anaukumbuka? Mathias akauliza uliza, akaambiwa Kilosa kuna mzee mmoja wa reli.

"Shikamoo, mzee Beda," alisema Mathias siku walipoonana kwake Mikumi.

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo, mzee. Sasa mzee wangu, mimi sipendi kumficha mtu. Jumamosi ya wiki ijayo wanakuja watu wa kampuni ya watalii kutoka Dar. Wanataka kuona kama wageni wao walale kwangu. Wakikuta mapokezi kuna kompyuta inafanya kazi na mtu mzima ameikalia, wataniheshimu. Ukiiwasha kabla ya siku hiyo, kiti ni chako, kazi ya kudumu. Isipowaka, kuna binti Morogoro, anakuja na mashine yake mwenyewe."

"Itawaka," alisema Beda.

Aliisema kwa sauti ya karani wa reli. Alikwisha kuomba kazi kila mahali. Huko viwanda vya miwa Ruaha walimtazama mvi wakamwambia arudi wakihitaji mlinzi. Maji yalikuwa yamefika shingoni, na hili lilikuwa gogo la mwisho kuelea.

Disketi za mfumo akazifuata Morogoro kwa Samweli, mwenzake wa kozi ile, aliyekuwa amefungua kibanda cha kutengeneza kompyuta. Samweli akamnakilia, disketi nyeusi moja baada ya nyingine, kila moja na namba yake. Beda akarudi nazo Kilosa kwa treni, amezikumbatia kifuani.

"Mama Neema, njoo uone," alimwambia mkewe. "Unaziona hizi? Ile mashine ya Mikumi bila hizi ni bati tupu. Roho yake imo humu."

"Humu?" Magreti alizipokea kwa mikono miwili. "Mbona nyepesi?"

"Ndivyo roho ilivyo. Zisipate jua, zisipate maji, zisipate vumbi, na watoto wa jirani wasizione."

Yule mama mkali wa Dar aliwafundisha maadui wa disketi, na wa mwisho alikuwa sumaku. Beda hakumtaja. Hakumficha, alimsahau tu, maana nyumbani kwa mtu wa kawaida kuna sumaku gani? Magreti akazifunga disketi katika leso safi, akainua kitambaa cha waridi, akazilaza mahali pa kadi za kliniki. Huo ndio utunzaji alioujua. Angekuwa na kitu kikubwa kuliko hicho cha kuziheshimia, angekitumia.

Kesho yake, Jumapili, alikuwa anakaanga vitumbua, akaimba. Ubeti mmoja tu, kwa chini chini, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika. Beda alikuwa chooni uani. Aliusikia, akashika ukuta, akalia humo humo mpaka jirani akauliza kama kuna mtu.

Jumatatu akapanda lori kwenda Mikumi. Kabla hajatoka Magreti alimfungia leso vizuri akamtilia mkononi mwenyewe. Kufika, Mathias akaitoa mashine kwenye shuka iliyoifunika, wapishi na wafagizi wakasogea kutazama. Beda akakunja mikono ya shati. Akaingiza disketi ya kwanza, akawasha. Mashine ikanguruma, taa ya kijani ikawaka, na ile sauti ya kukwaruza, krrr, krrr, ikamrudisha Dar, akiwa kijana mwenye mshahara. Alitabasamu. Hatua zote alikuwa nazo kichwani: hapa itaomba tarehe, hapa utagawa tumbo la mashine, hapa itaomba disketi ya pili.

Haikuomba chochote. Kioo kiliandika kwa Kiingereza kwamba disketi haina mfumo, aweke nyingine.

Akaitoa, akaifuta kwa shati, akairudisha. Maneno yale yale. Akaweka ya pili, akaweka ya tatu. Akazima, akahesabu kimoyomoyo, akawasha. Mashine ikakwaruza kwa muda mrefu kama kuku anayetafuta punje kwenye saruji, kisha ikamwambia lile lile. Wapishi wakaanza kurudi jikoni, mmoja mmoja. Jasho lilikuwa linamtoka Beda mpaka linadondokea kibodi.

"Mzee," alisema Mathias, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi, "kama huwezi sema tu. Sitakasirika."

"Disketi ndizo zenye matatizo, baba. Siyo mimi. Nipe dakika."

Akazikusanya tena ndani ya leso, akakimbilia kibanda cha simu kando ya barabara, akampata Samweli.

"Haiwezekani," alisema Samweli. "Nilizijaribu zote mbele yako. Umezipitisha kwenye jua?"

"Hapana."

"Maji?"

"Samweli, mimi siyo mtoto!"

"Basi soma namba iliyo juu ya ile ya kwanza, nione kama sikuchanganya."

Beda akaitandua leso juu ya kibao cha simu. Kitu kikamchoma kidole. Akatazama, akaona sindano, sindano ya Magreti ya kushonea mashuka, imejichomeka kwenye pindo la leso. Akabaki ameishika. Samweli alikuwa anaita, haloo, haloo, wee Beda, na Beda anaitazama sindano ile kama mtu aliyemkuta nyoka kitandani. Aliona kitambaa cha waridi. Akauona mgongo wa spika aliyoilaza pale kwa mikono yake mwenyewe, na disketi zimelala juu ya sumaku yenye nguvu kuliko zote Kilosa nzima, tangu Jumamosi hadi Jumatatu.

"Zimefutika," alisema. "Ni uzembe wangu. Samweli, kaka, nitengenezee nyingine."

Samweli alishusha pumzi. "Bwana, Ijumaa asubuhi nahamia Dar, kibanda nimeshauza. Na disketi zangu zenyewe zimechoka, nilizokunakilia wewe zilisoma kwa taabu. Nitajaribu. Zikikubali, nazipa gadi wa treni, utazichukua Kilosa Ijumaa. Lakini sikia, hizo ndizo za mwisho. Baada ya hapo hata uje na ng'ombe, sina."

Beda akarudi kwa Mathias akaomba mpaka Jumamosi asubuhi. Mathias akatazama chini, akasema sawa, mzee. Alipokuwa anaondoka, Beda alimsikia akimwambia mpishi ampigie simu yule binti wa Morogoro akae tayari.

Njia nzima ya kurudi, kupita kijiji cha Ulaya mpaka Kilosa, alikaa juu ya lori akibishana na nafsi yake. Amwambie? Amwambie Magreti kwamba leso yake safi, kitambaa chake, mikono yake miwili, ndivyo vilivyoua mashine? Kwamba ni yeye tena, kama jogoo? Alimwona amesimama uani na kuku mfu mkononi. Akasikia ule ubeti wa Jumapili. Hapana. Heri ajitwike mwenyewe. Amwambie nini basi? Amwambie zilikuwa mbovu.

"Zilikuwa mbovu," alimwambia.

"Huyo Samweli naye!" Magreti alipiga kofi paja. "Mtu unafuata kitu Morogoro yote hiyo anakupa kibovu! Atatuma nyingine?"

"Ijumaa."

"Basi zitakuja nzima. Nitaziombea."

Na Beda alikuwa na akili yake. Usidhani alikuwa mjinga. Alijiambia kwamba hizi za pili hazitaingia mkononi mwa mtu. Zitakaa kwenye koti lake, mfuko wa ndani, toka stesheni mpaka Mikumi, na hakuna haja ya kumwambia yeyote kitu chochote. Siku zile za katikati alilala macho wazi. Chakula kilimshinda. Magreti akidhani ni homa akamchemshia mwarobaini, naye akaunywa wote bila kubisha, kama adhabu.

Ijumaa alikaa stesheni kwenye benchi la abiria, mbele ya dirisha alilolikalia miaka yote ile, na karani aliyekuwa ndani hakumjua. Treni ilichelewa. Ilipofika, gadi akamkabidhi kifurushi cha gazeti. Beda akakifungua, akahesabu, zote zimo. Juu Samweli aliandika, zimekubali kwa mbinde, Mungu akubariki. Akazitia mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo, akatembea mpaka nyumbani mkono mmoja uko kifuani.

Usafiri alishaupata. Telele, mfanyabiashara wa ng'ombe, alikuwa anapeleka mifugo mnadani upande wa Mikumi na lori lake lingepita Magomeni baada ya sala ya Ijumaa. Muda ulikuwepo wa kuoga tu. Kwenda kukaa mapokezi ya wageni kesho yake na vumbi la stesheni shingoni, haiwezekani. Beda akavua koti, akalitundika kwenye msumari chumbani, akaligusa mara mbili kuhakikisha, akachukua ndoo akaenda bafuni uani.

Magreti alikuwa amewasha pasi ya mkaa tangu asubuhi. Shati alishanyoosha, suruali alishanyoosha. Akaingia chumbani akaliona koti. Limekunjamana mgongoni, limekunjamana viwikoni. Jamani, mume wangu akapokee wazungu na koti la namna hii? Akalitwaa. Na kila mwanamke aliyepiga pasi ya mkaa anajua, kabla hujaweka chuma unapapasa mifuko kwanza, maana pasi ile haina msamaha. Akapapasa. Akakuta kifurushi. Moyo ukampasuka, Mama Mtakatifu, ningeziyeyusha! Zisipate jua, alisema, sembuse moto! Akazitoa kwenye gazeti lile la ovyo, akazifunga katika leso safi. Akainua kitambaa. Akazilaza pale, na juu yake akaiweka rozari ya bibi yake, akapiga ishara ya msalaba. Kisha akafungua redio, akarudi mezani kwenye koti lake.

Kule bafuni Beda alisikia spika ikinguruma, na juu ya spika akasikia sauti ya mkewe. Safari hii haikuwa ubeti. Alikuwa anaimba wimbo wote, kwa sauti ya kwaya, kiitikio mara mbili mbili, na pasi inagonga meza kwa kufuata. Beda alisimama na kata ya maji mkononi, anasikiliza. Akasema moyoni, ona sasa, ningemwambia, wimbo huu ungetoka wapi? Alikuwa na furaha. Nakwambia, mwaka ule wote hakuwahi kuwa na furaha namna ile.

Akatoka na taulo kiunoni. Koti lilikuwa mezani, limenyooka, mifuko imelala bapa.

"Mama Neema. Vilivyokuwa humu viko wapi?"

"Umenitisha leo, ningechoma roho ya watu!" Magreti alikuwa anacheka, uso umelowa jasho la pasi. "Usiwe na wasiwasi. Nimeziweka mahali pake."

"Mahali pake wapi?" aliuliza Beda, ingawa alishajua.

"Kwani pana mahali pangapi humu ndani?"

Beda akaenda kwenye mtungi. Akainua kitambaa. Rozari, leso, sindano pembeni zimesimama zote zimeelekea upande mmoja. Mtu mzima yule akaketi sakafuni na taulo lake, mgongo ukiegemea mtungi, besi inampiga uti wa mgongo.

"Baba Neema! Umeanguka? Ni ile homa?"

Hakupiga kelele. Alichukua sindano moja, akaishika karibu na mgongo wa spika, akaiachia. Ikaruka yenyewe, ikagonga chuma, ta.

"Hii ni sumaku," alisema. "Disketi ikilala kwenye sumaku inafutika. Papo hapo. Haibaki kitu."

Magreti aliitazama sindano. Akaenda akafunga redio. Makaa ya pasi yakasikika.

"Na zile za kwanza," alisema taratibu, "zililala hapa."

"Ndiyo."

"Kumbe Samweli hakukupa mbovu."

"Hapana."

"Ulijua lini?"

"Jumatatu. Nikiwa kule kule Mikumi."

"Jumatatu." Alikuwa anahesabu, midomo inasogea. "Ukarudi ukala ugali wangu. Nikamtukana Samweli hapa mbele yako, unanitazama. Nikakuchemshia dawa, ukanywa. Siku zote hizo unajua kinachoua, kipo hapa sebuleni, na mimi hujaniambia."

"Sikutaka kukuumiza, Mama Neema. Nilijiapia. Baada ya yale ya kuku nilisema sitakulaumu tena maisha yangu yote. Na wewe umeanza kuimba..."

Nje lori lilipiga honi. Harufu ya ng'ombe ikaingia mpaka ndani, na sauti ya Telele ikaita, "Mzee Beda! Twende, ng'ombe wanachoka!"

Magreti hakugeuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka lakini sauti haikutetemeka.

"Siku ya kuku ulinipigia kelele mpaka Magomeni yote ikasikia," alisema. "Niliumia. Lakini tangu siku hiyo, umewahi kuona kuku mgeni ameingia bandani kwetu? Hata kifaranga? Afadhali ungenipigia kelele tena, Baba Neema."

Honi ikalia mara ya pili, ndefu. Koti lilikuwa mezani limenyooka vizuri, tayari kuvaliwa.

Magreti akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akaenda mlangoni.

"Haendi," alimwambia Telele.

"Mzee anaumwa?"

"Haumwi. Haendi tu."

Telele akasema pole, akagonga bodi ya lori kwa fimbo, na lori likaondoka na ng'ombe wake kwenda Mikumi.